Nani Humuuliza Mlinzi? Doha na Maarifa ya Kazini

Mwaka 2008 Qatar ilitangaza Dira yake ya Taifa ya 2030, na moja ya ahadi zake kubwa ilikuwa kuupunguzia uchumi wa nchi utegemezi wa gesi na mafuta na kuujenga juu ya maarifa. Maandalizi yalikuwa yameanza mapema. Qatar Foundation iliundwa mwaka 1995, na pembezoni mwa Doha ukachipuka mji mzima wa vyuo, Education City. Weill Cornell ilikuja mwaka 2001 kufundisha udaktari, Carnegie Mellon mwaka 2004 na kompyuta na biashara, Georgetown mwaka 2005 na diplomasia, Northwestern mwaka 2008 na uandishi wa habari. Mwaka 2018 ikazinduliwa rasmi Maktaba ya Taifa, jengo lililosanifiwa na Rem Koolhaas, lenye vitabu zaidi ya milioni moja.

Hivyo vyote vinanunulika kwa mwenye fedha. Lisilonunulika ni lile linalotokea asubuhi ya pili, watu wakishaingia kazini. Kwa nini hospitali moja hujifunza kutokana na kosa na nyingine hulirudia? Kwa nini hoteli moja humjua mgeni wake kwa miaka kumi, na jirani yake huanza upya kila mfanyakazi anapoondoka? Doha ni mahali pazuri pa kuuliza maswali haya, kwa kuwa zaidi ya tisa katika kila kumi ya wafanyakazi wa Qatar ni wageni wenye mikataba, na miongoni mwao wamo Wakenya, Waganda na Watanzania wengi: walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli, wauguzi, wafanyakazi wa nyumbani. Ukiwatazama hawa unaona kwamba maarifa ya kazini yanahitaji mambo mawili kabla ya programu yoyote ya kompyuta: mtu akae muda wa kutosha ajue, na akishajua aweze kusema bila kuumia. La kwanza Qatar imelishughulikia kwa sheria. La pili bado lina kazi.

Yaliyoandikwa na yaliyoko mkononi

Wajapani wawili, Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi, walitoa mwaka 1995 kitabu kilichobadili mazungumzo ya mameneja duniani kuhusu maarifa. Hoja yao ni nyepesi kueleza. Kuna maarifa yanayoandikika, kama mwongozo wa mashine, na kuna yaliyoko mkononi, machoni na katika mazoea ya mtu, ambayo mwenyewe hawezi kuyaeleza vizuri hata akiombwa. Kampuni inayobuni mambo mapya ni ile inayoweza kuyatoa haya ya pili, kuyaandika, kuyasambaza, na kuyafanya yawe mkononi mwa mtu mwingine.

Mfano wao mashuhuri ni wa kampuni ya Matsushita, iliyokuwa ikihangaika mwaka 1985 kutengeneza mashine ya kuoka mkate nyumbani. Mkate ulikuwa unatoka ganda limeungua na ndani mbichi. Wahandisi walipima kila kitu wasipate jawabu. Ndipo mwenzao mmoja, Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka iliyosifika kwa mkate wake. Kwa kukanda naye aligundua kwamba mwokaji yule alikuwa akiuvuta unga kwa namna yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa katika maelekezo yoyote. Wahandisi wakaongeza ndani ya mashine mbavu za kuuvuta unga vile vile, na mkate ukakubali.

Sasa njoo Doha, kwenye lango la jengo lolote refu la West Bay, saa kumi na mbili jioni zamu zinapobadilishana. Mlinzi anayetoka amekuwa kazini tangu alfajiri. Mezani pake pana daftari la matukio, lile lile ambalo mlinzi wa Nairobi au Kampala amelizoea: tarehe, saa, tukio, sahihi. Mstari wa mwisho aghalabu husema hali ni shwari. Kalamu ikishawekwa chini ndipo makabidhiano yenyewe yanapoanza, kwa mdomo, na kwa Kiswahili ikiwa wote wawili ni wa kwetu. Lifti ya pili hukwama ukiibonyeza mara mbili. Gari la kampuni ya usafi halina kibali lakini mwenye jengo analijua. Mpangaji wa ghorofa ya tisa hataki kupigiwa simu, mtumie ujumbe. Yule msimamizi mpya hupita usiku wa manane, usimkute umekaa.

Daftari litakwenda ofisini. Haya mengine yatabaki kati ya watu wawili, na mmoja wao akihamishwa kituo kesho, yamekwenda naye.

Ni rahisi kusema kwamba walinzi hawapendi kuandika. Lakini angalia daftari linavyomtendea anayeliandika. Limewekwa kwa ajili ya matukio, na lifti inayokwama kidogo si tukio mpaka siku itakapomfungia mtu ndani. Linaandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao. Zaidi ya yote, kila unachoandika kinaweza kurudi kwako: ukiandika leo kwamba lifti ina kasoro, kesho utaulizwa kwa nini hukuripoti juzi, na katika kazi ambayo makato ya mshahara ni adhabu ya kawaida, swali hilo lina bei. Mtu mwenye akili timamu ataandika kwamba hali ni shwari.

Mkataba unapokwisha

Sharti la kwanza ni muda. Mikataba mingi ya wafanyakazi wa kawaida Ghuba ni ya miaka miwili. Mwaka wa kwanza mtu anajifunza jengo, barabara, watu na tabia za mashine. Wa pili ndipo anaanza kuona ambalo mgeni halioni. Akishafika hapo, mkataba unakaribia ukingoni.

Kwa miaka mingi sheria yenyewe iliongeza hasara hii. Chini ya mfumo wa kafala, kama ulivyopangwa katika sheria ya mwaka 2009, mfanyakazi hakuweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila barua ya kutokuwa na pingamizi, ambayo kila mfanyakazi wa Doha huijua kwa herufi zake tatu, NOC. Akiondoka bila hiyo, alipaswa kukaa nje ya nchi miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kurudi kufanya kazi. Wanaharakati walililaani jambo hili kwa sababu ya haki za binadamu, na walikuwa sahihi. Lakini hata ukilitazama kwa jicho la mfanyabiashara tu, lilikuwa hasara: nchi ilimfundisha dereva kila kona ya Doha, kisha ikamfukuza na kona zote kichwani.

Kosa la ndani zaidi ni kwamba mwajiri aliyemfunga mtu kwa karatasi hakuwa na haja ya kumfanya apende kubaki. Hakuhitaji kumsikiliza wala kumpandisha cheo.

Mageuzi yalikuja hatua kwa hatua. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilifungua ofisi Doha mwaka 2018. Mwaka huo huo kibali cha mwajiri cha kutoka nchini kikafutwa kwa wafanyakazi wengi, na Januari 2020 kikafutwa kwa wengine wengi waliobaki, wakiwemo wa majumbani. Agosti 2020 zikatangazwa sheria za kuondoa NOC na kuweka kima cha chini cha mshahara, kilichoanza kutumika Machi 2021: riyali 1,000 kwa mwezi, na nyongeza ya 500 za malazi na 300 za chakula kwa asiyepewa na mwajiri. Mashirika ya haki yameendelea kuripoti waajiri wanaoweka vikwazo kwa anayetaka kuhama, lakini mlango ambao ulikuwa umefungwa kisheria sasa uko wazi kisheria.

Upande wa ofisi za juu, tatizo la muda lina sura nyingine. Qatar inataka wananchi wake wachukue kazi zaidi, na mwaka 2024 ilitunga sheria ya kuongeza ajira za Waqatari katika sekta binafsi. Ni haki ya kila nchi. Ila fikiria mhandisi au mhasibu wa kigeni anayeambiwa amfundishe kijana atakayekaa kwenye kiti chake. Kila anachokifundisha vizuri kinaifupisha ajira yake mwenyewe. Hata awe mwema vipi, atafundisha taratibu na kuacha sehemu nyeti kwa ajili ya kesho. Semina za maadili hazitabadili hesabu hiyo. Mkataba ndio unaoweza kuibadili, ukisema kwamba mwalimu atalipwa kwa kufundisha, kwamba kazi yake itaendelea kwa kipindi kinachojulikana baada ya mwanafunzi kushika nafasi, na kwamba atapimwa kwa kile mwanafunzi anachoweza kufanya peke yake.

Taasisi nazo huondoka kama watu. Texas A&M ilifungua kampasi yake ya uhandisi Doha mwaka 2003. Februari 2024 bodi yake huko Marekani ilipiga kura kuifunga ifikapo 2028. Uamuzi ulifanywa Texas, na darasa liko Qatar. Maarifa ya kukodi yana mwenye nyumba, na mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba.

Anayesema hupata nini?

Sharti la pili ni gumu zaidi, na Wakenya wawili wameliweka wazi kuliko mtaalamu yeyote.

Wa kwanza ni Abubakr Abbas. Novemba 2022, Kombe la Dunia lilipoanza, kijana huyu wa miaka 23 aliwekwa karibu na kituo cha metro cha Souq Waqif, juu ya kiti kirefu kama cha mwokoaji wa ufukweni, na kipaza sauti na mkono mkubwa wa sponji wenye kidole cha kuelekeza. Kazi yake ilikuwa kuwaelekeza mashabiki. Ni kazi ya kuchosha, na maelekezo ya kawaida hayasikiki katika umati wenye lugha hamsini. Abbas akayageuza kuwa wimbo wa maneno machache ya Kiingereza, metro huku, metro huku, kwa mdundo ambao mtu hawezi kuusikia asiuitikie. Mashabiki wakaanza kumjibu. Video zake zikazunguka dunia. Tarehe 25 Novemba akaalikwa Uwanja wa Al Bayt kwenye mechi ya Uingereza na Marekani, akapewa kipaza sauti mbele ya maelfu.

Watu walicheka, na ni sawa. Lakini tazama alichokigundua. Umati unaoitikia unakwenda pamoja, hausukumani, na haumtukani anayeuongoza. Ni ugunduzi wa kazi, umefanywa na mtu wa ngazi ya chini kabisa, na wakubwa wakauona, wakaupokea, wakampa heshima mwenyewe kwa jina lake. Hivi ndivyo mahali pa kazi panapojifunza panavyopaswa kuwa.

Wa pili ni Malcolm Bidali, mlinzi, naye Mkenya, naye Doha, mwaka mmoja kabla. Bidali aliandika, kwa jina la kupanga, jinsi walinzi wanavyoishi na kufanya kazi: vyumba vilivyojaa vitanda, saa ndefu, siku inayokwisha bila faragha hata ya dakika moja. Alizungumza pia kwa njia ya video na mashirika ya kiraia na vyama vya wafanyakazi. Mei 2021 alikamatwa, akawekwa kizuizini peke yake karibu mwezi mzima. Serikali ilisema alilipwa na wakala wa nje ili kueneza upotoshaji. Julai alitozwa faini ya riyali 25,000 kwa kosa la kuchapisha habari za uongo, na Agosti akaondoka nchini. Faini hiyo ni sawa na mshahara wa msingi wa kima cha chini wa miezi 25, mwezi mmoja zaidi ya mkataba mzima wa miaka miwili.

Alichokitoa Bidali nacho kilikuwa maarifa. Mlinzi asiyelala haoni vizuri, na meneja wa ulinzi angepaswa kuwa wa kwanza kutaka kujua. Tofauti ya vijana hawa wawili ni kwamba maarifa ya mmoja yaliwapendeza wakubwa na ya mwingine yaliwachoma. Na kila mlinzi wa Doha aliyezisikia habari hizo mbili alijifunza somo moja: leta wimbo, usilete malalamiko.

Somo hilo lina gharama kubwa. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani Amy Edmondson alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume: ndizo zilizokuwa na mengi. Baadaye akaelewa kwamba hazikuwa zikikosea zaidi. Zilikuwa zikisema zaidi, kwa kuwa muuguzi hakuogopa. Wodi zenye rekodi safi zilikuwa zimefunika kombe. Wahenga wameshasema kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na hospitalini kilio si mfano wa maneno.

Kwa mfanyakazi mhamiaji woga huo una mzizi mwingine: deni. Wengi hufika Ghuba wameshamlipa ajenti nyumbani kwa fedha za kukopa, au kwa shamba lililowekwa rehani. Anayedaiwa hathubutu kumuudhi bosi mpaka deni liishe, na likiisha mkataba nao umekwisha. Kwa hiyo kampuni inayotaka kusikia ukweli kutoka kwa walinzi wake ina sababu ya kibiashara kuhakikisha hawakutozwa chochote ili waajiriwe.

Kwa wafanyakazi wa nyumbani hali ni ngumu zaidi, kwani hawana hata mwenzao wa zamu. Sheria ya mwaka 2017 inawapa mapumziko ya siku moja kwa wiki na kuweka kikomo cha saa kumi za kazi kwa siku, lakini anayefika peke yake katika nyumba ya watu hana wa kumwambia hivyo. Wanachofanya ni kufundishana kwa simu. Katika makundi ya WhatsApp, kwa ujumbe wa sauti wa Kiswahili, mgeni huuliza na wenyeji hujibu: mashine hii inaoshaje, mtoto akikataa kula ufanyeje, madam akishika simu yako uende wapi, pasipoti anayepaswa kukaa nayo ni nani. Hakuna kampuni iliyoyaanzisha makundi hayo. Ni utamaduni kamili wa kuzalisha na kugawana maarifa, umejengwa na watu ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaita wataalamu.

Pale ilipofanikiwa

Haitakuwa haki kusema Doha haijui kusikiliza. Katika majira ya joto ya mwaka 2019 Wizara ya Kazi na ILO ziliwaleta watafiti wa FAME Laboratory kutoka Ugiriki wachunguze kinachoupata mwili wa mfanyakazi wa ujenzi na wa shambani juani. Watu walipimwa wakiwa kazini. Matokeo yakaingia katika uamuzi wa Mei 2021. Marufuku ya kufanya kazi nje adhuhuri, ambayo awali ilianza katikati ya Juni na kuishia mwisho wa Agosti, sasa inakwenda tangu Juni 1 hadi Septemba 15, saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Kikawekwa pia kipimo kinachochanganya joto, unyevu, jua na upepo: kikizidi nyuzi 32.1 kazi isimame, saa yoyote.

Kuna kifungu kimoja chenye uzito kuliko vipimo vyote. Mfanyakazi akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba joto linamhatarisha, ana haki ya kusimamisha kazi na kupeleka malalamiko wizarani. Hapo sheria imekubali kwamba anayejua kwanza ni mwenye mwili, na ikampa ruhusa ya kuutumia ujuzi huo. Kama ruhusa hiyo inafika kweli kwa kijana aliye juu ya jukwaa la ujenzi inategemea msimamizi wake, na hapo ndipo sharti la pili linaporudi.

Njia nyingine ni kamati za pamoja. Sheria ya kazi ya Qatar inawapa wananchi tu haki ya kuunda vyama vya wafanyakazi, lakini kampuni yenye wafanyakazi 30 au zaidi inaweza kuwa na kamati ya waajiri na waajiriwa, na tangu 2019 wawakilishi wa wafanyakazi wamekuwa wakichaguliwa kwa kura. Chombo hiki hakifikii chama. Hata hivyo ni meza, na mezani kunaweza kuzungumzwa lifti inayokwama.

Wapo watakaouliza: kuna haja gani? Doha ilijenga metro na viwanja kwa wafanyakazi wa kupita, na Kombe la Dunia likachezwa mpaka fainali. Ni kweli. Mradi wenye mwanzo na mwisho unaweza kuendeshwa kwa mikono inayobadilika, ilimradi uwe na fedha za kulipia mafunzo upya kila mara. Lakini ujenzi ukishakwisha yanabaki matunzo ya miaka 30, na matunzo ni kazi ya kumbukumbu. Anayejua bomba lilipopita ukutani ana thamani kuliko ramani iliyochorwa kabla ukuta haujahamishwa.

Meneja anayetaka kuanza hahitaji bajeti kubwa. Amlipe anayeondoka wiki za mwisho akae na anayeingia, bega kwa bega, kwenye kituo chenyewe. Kwenye daftari aongeze nafasi ya yale ambayo mwenzako anapaswa kuyajua, na akubali yaandikwe kwa lugha yoyote au yarekodiwe kwa sauti. Atangaze kwamba anayeripoti kosa lake mwenyewe hatakatwa mshahara, na la kwanza litakaporipotiwa asimame kwenye neno lake, kwa sababu wote watakuwa wakitazama. Na aliyeleta jambo arudishiwe jibu, hata kama jibu ni hapana.

Kwetu Afrika Mashariki nako kuna la kufanya. Serikali zetu huhesabu fedha zinazotumwa nyumbani na walioko Ghuba. Ujuzi wanaorudi nao hauna safu katika hesabu hizo. Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zimepangiwa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Agosti 2025, kwenye mashindano ya CHAN, shirikisho la soka la Afrika, CAF, lilipunguza idadi ya mashabiki walioruhusiwa katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, baada ya watu kuvunja ulinzi wakaingia bila tiketi. Vijana walioongoza umati Souq Waqif na Al Bayt, na walinzi waliosimama kwenye malango ya viwanja vinane vya Qatar, wako Mombasa, Nakuru, Kampala na kwingineko, wengine wakitafuta ajenti wa kuwarudisha Ghuba. Kamati za maandalizi ziwatangazie redioni, ziwaandike majina, ziwalipe wafundishe wenzao. Na wakishakaa mezani, waulizwe kwanza kilichoharibika Doha, ndipo waulizwe kilichofana.